Kebo au DSL: ulinganisho kwa anayeanza maisha Ujerumani

Wiki iliyopita binti mmoja wa Tanga, aliyekuja Ujerumani kusomea uuguzi, alinitumia picha ya ukuta wa chumba alichopata Hannover. "Shikamoo kaka, samahani kwa usumbufu. Hapa kuna soketi mbili. Moja ina vitundu vitatu vyenye herufi N, F, N. Nyingine ina vitundu vya duara kama vya antena. Intaneti ni ipi?"

Nikamjibu: "Marahaba mdogo wangu. Ni zote mbili. Usisaini chochote mpaka tuongee."

Tuliongea karibu saa nzima. Swali hilo huulizwa na kila anayefika, kwa hiyo nimeona niliandike kwa urefu wake.

Anayetoka Dar au Nairobi amezoea mambo mawili: bando kwenye simu, au fundi wa faiba anayevuta waya kutoka nguzoni na kumaliza siku hiyohiyo. Huku nyumba nyingi za kupanga bado hazijafikiwa na faiba mlangoni. Zilichonazo ni nyaya mbili za zamani ukutani, na kila mmoja uliwekwa kwa kazi nyingine kabisa. Waya wa simu ni wa shaba, na DSL, yaani intaneti ya waya wa simu, ilianza kupitishwa humo mwaka 1999. Waya wa televisheni ni kebo nene ambayo shirika la posta la Ujerumani Magharibi lilianza kuitandaza nchini miaka ya 1980 ili watu wapate chaneli nyingi zaidi, na baadaye intaneti ikapandishwa juu yake. Herufi N, F, N ni soketi ya simu. DSL huchomekwa kwenye F, tundu la katikati. Vitundu vya duara ni vya kebo: kimoja cha TV, kimoja cha redio, na pakiwa na cha tatu chenye nyuzi za kukazia skrubu, hicho ndicho cha intaneti. Kama hicho cha tatu hakipo, kebo bado inawezekana, ila fundi atalazimika kubadilisha soketi.

Nguvu na udhaifu wa kila waya vinatokana na namna unavyosafiri kutoka chumbani kwako hadi kwenye faiba.

DSL inatoka chumbani, inashuka chini ya jengo, inatembea chini ya barabara hadi kwenye kasha la kijivu kando ya njia ya waenda kwa miguu. Utakuwa umeshayapita makasha hayo mara nyingi bila kuyatazama. Kuanzia hapo ni faiba. Kipande kile cha shaba katikati ni chako peke yako, lakini kinachoka haraka. Ukiwa jirani na kasha unaweza kupata megabiti 250 kwa sekunde, ukisogea mbali kidogo 100, ukizidi kusogea 50. Mahali ambapo kasha halijafikiwa na faiba, yaani shaba inakwenda mpaka kituo cha simu cha mtaa, utauziwa 16 na wakati mwingine hata hizo 16 hazifiki. Walioishi Dar miaka ile wataikumbuka intaneti ya TTCL iliyopita kwenye waya wa simu ya mezani. Ni ukoo mmoja na hii.

Kebo ya TV ina uwezo mkubwa zaidi. Maeneo mengi yenye kebo unauziwa megabiti 1000 za kupakua bila kujali kama uko mita 50 au 300 kutoka kwenye kasha lao. Lakini waya huo si wako peke yako. Nyumba nyingi za mtaa zinaning'inia kwenye tawi moja. Fikiria bomba la maji la mtaa: alfajiri na mapema linatoka kwa nguvu, lakini wakifungua wote kwa pamoja, wa mwisho wa mstari anabaki anasubiri ndoo ijae.

Nimeanza na hili kwa sababu matangazo huonyesha namba moja tu, ile ya kupakua, tena kwa herufi kubwa. Kwa watu wenye familia upande wa pili wa bahari, namba ya kupakia ina uzito uleule, na kebo ni dhaifu hapo. Mkataba wa kebo wa 1000 hukupa 50 za kupakia. Mkataba wa DSL wa 100 hukupa 40, wa 250 pia 40, wa 50 hukupa 10. Kwa hiyo kebo inaizidi DSL ya 100 mara kumi kwenye kupakua, lakini kwenye kupakia tofauti ni kiduchu, tena zile 50 za kebo unagawana na jirani.

Kibaya zaidi, njia ya kupakia kwenye kebo imetengewa masafa machache ya chini, na masafa hayo hunasa kelele kirahisi. Soketi mbovu kwa mzee wa ghorofa ya tatu, waya wa antena uliotengenezwa kienyeji, kifaa cha bei rahisi kinachovujisha umeme: kelele yake inarudi juu ya waya na kuharibu kupakia kwa mtaa mzima. Fundi wa kebo hana njia ya mkato hapo. Anatembea jengo kwa jengo na kipimo mkononi mpaka ampate mkosaji, na huenda mkosaji hayupo nyumbani, amekwenda likizo.

Niliishi hivyo miaka mitatu. Nilikuwa na kebo ya 500 kutoka kampuni ambayo sitaitaja. Asubuhi nilipima nikapata 480, nikafurahi. Simu na mama zilikuwa jioni: saa mbili usiku kwangu wakati wa baridi ni saa nne usiku kwake, ndiyo nafasi pekee tuliyonayo baada ya mimi kutoka kazini na kabla yeye hajalala. Nilimwona vizuri, hata nyuzi za kanga yake nilizihesabu. Yeye hakuniona. "Mwanangu, umeganda tena. Zungumza tu, picha achana nayo." Nilikuwa naona 500 kwenye karatasi, nikadhani tatizo liko kwake. Siku moja nikapima saa mbili na nusu usiku: kupakua 190, kupakia megabiti 1 na kitu, na ujumbe ulichukua zaidi ya milisekunde 200 kwenda na kurudi. Nilikuwa nimemlaumu mama na mnara wa simu wa Tanga kwa miaka mitatu, kumbe waya wangu ndio uliokuwa umeziba. Hilo bado linaniuma.

Nilipohama nikachukua DSL ya 100. Kupakua kulishuka hadi moja ya tano ya nilichokuwa nacho, na hakuna siku niliyoona tofauti hiyo. Saa mbili usiku napata 93 na kupakia 37, saa tisa alfajiri napata 93 na kupakia 37. Mama akaniuliza kama nimenunua simu mpya.

Hata hivyo kebo ina watu wake, na ni wengi. Rafiki yangu wa Bukoba ana watoto wanne wakubwa, na wawili kati yao ni wa michezo ya kompyuta. Mchezo mmoja wa gigabaiti 100 ukishushwa kwa megabiti 1000 unachukua karibu robo saa. Kwa megabiti 50 ni muda wa zaidi ya saa nne, na humo ndani nyumba nzima inalalamika. Kwake kebo ndiyo iliyookoa amani. Tawi lake limegawanywa upya, nyumba zinazolishiriki ni chache, na hata Jumapili jioni haliyumbi. Hivyo kebo si mbovu kwa asili yake. Ubora wake unategemea tawi, na hutaujua ukiwa dukani. Utaujua kwa kugonga kwa jirani wa ngazi ileile na kumuuliza: "Intaneti yako ya kebo, jioni inakuwaje?" Wajerumani wengi ambao hawatakusalimia kwenye ngazi watakujibu swali hilo kwa dakika 20.

Kwa upande wa DSL jirani pia anasaidia, ila kwa njia nyingine. Kama ana ruta ya Fritz!Box, mwombe afungue ukurasa wa taarifa za DSL. Humo umeandikwa makadirio ya urefu wa waya kwa mita pamoja na kasi ambayo waya unaweza kubeba. Jengo ni lilelile, kasha ni lilelile, kwa hiyo namba yake itakaribiana sana na yako. Kwangu inasomeka mita 270.

Hapa kuna mtego ambao wageni wengi wanaangukia. Waya wa shaba karibu wote ni wa Telekom, kampuni kubwa ya simu ya Ujerumani. 1&1, O2 na Vodafone wanapouza DSL, mara nyingi wanakodi waya huohuo. Ukiambiwa na kampuni moja kwamba kwako mwisho ni 16, kuhamia kampuni nyingine ya DSL hakutaurefusha wala kuufupisha waya. Utapata bei tofauti na huduma kwa wateja tofauti, basi. Kebo nayo kwa kawaida jengo lina mwenye kebo mmoja. Sehemu kubwa ya nchi ni Vodafone, ambayo ilinunua Kabel Deutschland mwaka 2013 na Unitymedia mwaka 2019. Majengo mengine ni ya Pÿur, na Köln kuna NetCologne. Kwa kuwa Vodafone na O2 wanauza zote mbili, usiishie kusoma jina la kampuni. Tafuta kwenye mkataba kama umeandikwa DSL au Kabel. Nimeona mtu aliyeagiza Vodafone kwa sababu ya jirani mwenye kebo ya 1000, akaletewa DSL ya 50, akashangaa miezi miwili.

Je, unahitaji kiasi gani kwa kweli? Sinema ya 4K hutumia megabiti 15 hadi 25. Simu ya video haizidi chache kila upande. Masomo ya mtandaoni ni hivyohivyo. Mtu mmoja, au wawili, megabiti 50 zinawatosha na kubaki, zikiwa za kweli saa zote. Kwa binti wa Tanga nilisema hilo bila kusita: DSL ya 50, au 100 kama tofauti ni euro chache, kwa sababu ile 40 ya kupakia inafaa ukiwa na wazazi wa kuwapigia. Kama anwani yake ingesomeka 16, ningemwambia achukue kebo siku hiyohiyo. DSL ya 16 hupakia megabiti 2.4 tu, na watu wawili wakiongea na nyumbani kwa wakati mmoja wameshaijaza. Familia ya watu watano au sita yenye watoto wa shule, kebo kwanza, baada ya kumuuliza jirani.

Kuna jambo moja ambalo kebo inashinda waziwazi, nalo ni haraka. Soketi ikiwepo na tawi likiwa hai, unaletewa ruta kwa posta, unakaza waya wake kwenye soketi ya ukutani, unaiwasha, umemaliza. DSL mara nyingi inasubiri fundi aje kuunganisha waya kwenye kasha au chini ya jengo, na miadi yake inaweza kuwa wiki kadhaa mbele. Kama masomo yanaanza Jumatatu, hilo si dogo. Agiza DSL siku unapopata funguo, usisubiri vitanda vifike, na katikati tumia bando la simu.

Bei

Zote mbili zinakaribiana, kwa kawaida kati ya euro 35 na 55 kwa mwezi zikishatulia. Neno la muhimu ni hilo: zikishatulia. Tangazo litakuonyesha bei ya miezi ya mwanzo. Chukua karatasi upige hesabu ya miezi 24 yote. Mathalani euro 20 kwa miezi 6, kisha 45 kwa miezi 18: hiyo ni 120 na 810, jumla 930, sawa na euro 38.75 kwa mwezi. Ongeza ada ya kuunganishwa, gharama ya kutumiwa ruta, na kodi ya ruta ya kila mwezi. Ndipo ulinganishe.

Kuhusu ruta: ya kebo haifanyi kazi kwenye DSL, na ya DSL haifanyi kazi kwenye kebo. Tangu Agosti 1, 2016 sheria inakuruhusu kutumia yako mwenyewe, hivyo kukodi si lazima. Ukinunua Fritz!Box iliyotumika, tazama namba: zinazoanza na 7, kama 7530 na 7590, ni za DSL, nyingi zinazoanza na 6, kama 6591 na 6660, ni za kebo. Kuwa mwangalifu zaidi na za kebo. Baadhi zinazouzwa mitaani ni mali ya kampuni, mteja wa kwanza hakuzirudisha, na zikifika kwako hazitakubali kuwashwa. Muulize muuzaji kama aliinunua dukani, na aonyeshe risiti.

Kodi ya nyumba nayo imebadilika. Zamani mwenye nyumba aliweka gharama ya kebo ya TV ndani ya malipo ya ziada ya nyumba, ukalipa hata kama huna televisheni. Tangu Julai 1, 2024 hawezi tena kukutoza hivyo. Wakati huo wauzaji walianza kugonga milango wakisema TV itakatika usiposaini leo. Mtu mmoja aligonga kwangu na kitambulisho kifuani, akasema anakuja "kukagua soketi", na dakika tano baadaye kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Sikusaini. Intaneti ya kebo haihitaji mkataba wa TV. Na kama ulishasaini mlangoni au mtandaoni, una siku 14 za kujitoa bila kutoa sababu; neno lake ni Widerruf, na litume kwa maandishi.

Haki zako

Sheria ya mawasiliano iliyoanza Desemba 1, 2021 ni nzuri kuliko wengi wetu tunavyojua. Mkataba wa mwanzo hauzidi miezi 24, na ukijiendeleza wenyewe baada ya hapo unaweza kuukatisha kwa taarifa ya mwezi mmoja. Ukihama na kampuni haiwezi kukuhudumia mahali papya, unatoka kwa taarifa ya mwezi mmoja pia. Fundi akikosa miadi, unadai euro 10 au asilimia 20 ya ada ya mwezi, ile iliyo kubwa. Waya ukikatika kabisa na wasipourekebisha, kuanzia siku ya tatu unadai euro 5 au asilimia 10 kwa kila siku, na kuanzia siku ya tano euro 10 au asilimia 20. Hawatakuletea wenyewe. Lazima udai, na lazima uwe umeripoti tatizo, hivyo andika saa na jina la uliyeongea naye.

Na kama kasi haifiki? Kila mkataba una karatasi ya taarifa yenye namba tatu: kasi ya juu kabisa, kasi ya kawaida, na kasi ya chini kabisa. Soma ile ya chini kabla ya kusaini, hasa kwenye kebo, kwa sababu umbali kati yake na ya juu unaweza kuwa mkubwa. Ukishaunganishwa na mambo hayaendi, mamlaka ya mawasiliano, Bundesnetzagentur, ina programu ya bure ya kupima kwenye kompyuta. Vinatakiwa vipimo 30 vilivyogawanywa katika siku tatu tofauti, kompyuta ikiwa imechomekwa kwa waya wa LAN, si waifai. Matokeo yakionyesha umepunjwa, unaweza kupunguza malipo au kuvunja mkataba. Pima jioni. Kebo inayougua jioni haitajionyesha saa nne asubuhi.

Hilo la waifai lisikupite. Nyumba za zamani zina kuta nene za matofali, na malalamiko mengi ninayoletewa yanaisha ruta ikitolewa nyuma ya kabati na kuwekwa juu ya rafu ukumbini. Chomeka waya kwanza, ndipo ulaumu kampuni.

Wenye kamera au kompyuta ambayo wanataka kuifikia wakiwa nje ya nyumba wana jambo moja zaidi la kuuliza. Kwenye kebo mara nyingi hupewi anwani yako mwenyewe ya IPv4, yaani namba ambayo nyumba yako inatambulika nayo mtandaoni; unashiriki na wateja wengine, na kamera ya namna hiyo inaweza isipatikane kutoka nje. Kwa simu, sinema na masomo haina athari.

Na kama mtaani kwako wanachimba faiba hivi sasa, au jengo tayari linayo, weka pembeni kebo na DSL zote mbili. Shaba inaelekea kuzimwa polepole, na hakuna sababu ya kujifunga nayo miezi 24 wakati faiba iko mlangoni. Muulize mwenye nyumba kwa maandishi kabla ya kuagiza.

Binti wa Tanga alichagua DSL ya 100. Jirani yake wa ghorofa ya pili alimwonyesha ruta yake, waya mita 310. Fundi anakuja Jumanne, kati ya saa mbili asubuhi na saa sita mchana, na nimemwambia asitoke hata kwenda kununua mkate. Kisha nikamuuliza jambo ambalo hakuna aliyeniambia nilipofika, likanigharimu wiki tatu za kusubiri miadi mpya.

"Jina lako liko kwenye kengele ya mlango wa chini?"

"Hapana kaka, bado kuna la aliyehama."

Fundi hapigi simu kila mara, wala hagongi milango akiuliza. Anasoma kengele, asipokuona anaandika kwamba hukuwepo, na anaondoka. Jioni ileile akanitumia picha nyingine: kengele sita, na kwenye ya nne kipande cha karatasi chenye jina lake, kimebandikwa kwa selotepu.